Yule Sergio wa Marimar alianza na muziki

Kuna aliyeuliza kama Sergio wa Marimar, ile tamthilia ya Meksiko, aliwahi kuwa mwanamuziki. Ndiyo, alikuwa mwanamuziki kabla ya kuwika kwenye tamthilia. Eduardo Capetillo, aliyecheza Sergio Santibáñez kwenye Marimar ya 1994, aliimba na kundi la Timbiriche katikati ya miaka ya 80 hadi 1989. Kundi lenyewe lilianza 1982 likiwa la watoto, na waimbaji wakawa wanaingia na kutoka. Thalía, yaani Marimar mwenyewe, naye alipitia humo humo wakati mmoja naye, kwa hiyo walikuwa wanajuana kitambo kabla ya kucheza mume na mke.

Kilichompaisha kwenye runinga ni tamthilia ya Alcanzar una estrella ya Televisa, kampuni ya runinga ya Meksiko, 1990. Alicheza msanii nyota anayeitwa Eduardo Casablanca, na nyimbo aliimba mwenyewe. Binti anayempenda humo ni Mariana Garza, naye pia wa Timbiriche! Televisa walikuwa hawatafuti mbali. Baadaye 1991 akatoa albamu yake binafsi, Dame una noche. Muziki wake ulikuwa wa kawaida tu kwa maoni yangu, ila sura ile ilitosha kuuza chochote.

Angalizo: wengi humu mnamchanganya na kaka yake, Guillermo Capetillo, wa tamthilia ya Rosa salvaje (1987). Yule ni mwingine kabisa. Na mke wa Eduardo ni Biby Gaytán, walifunga ndoa 1994. Naye, kama umeshakisia, ni wa Timbiriche.