Mnaouliza mwanamke wa Kiyahudi aliyejitolea maisha yake yote, msomeni Rebecca Gratz

Dada uliyeuliza mwanamke wa Kiyahudi aliyejitolea maisha yake yote kusaidia watu, mi nakupa Rebecca Gratz wa Philadelphia kule Marekani, kazaliwa 1781 kafariki 1869. Kwao walikuwa wafanyabiashara, hela ipo, ila 1801 akiwa na miaka 20 tu yeye na mama yake na wanawake wengine, Wayahudi kwa Wakristo, wakaanzisha chama cha kusaidia kina mama na watoto waliofilisika, afu 1815 akawa mmoja wa walioanzisha nyumba ya yatima ya mji, akawa katibu wake miaka kama 40 hivi, hebu fikiria kuandika mihtasari na barua za kuomba michango miaka yote hiyo kwa kalamu ya wino.

1819 kikaja chama cha wanawake wa Kiyahudi wenyewe, kinasaidia kwa chakula, kuni za wakati wa baridi, mahali pa kulala.

Lakini kwangu mimi kubwa zaidi ni ile sande skuli ya Kiyahudi ya 1838, maana waalimu walikuwa wanawake wanaojitolea, wavulana na wasichana wanasoma pamoja, na enzi zile mwanamke kufundisha dini hadharani haikuwa kitu cha kawaida kabisa. Aliisimamia mpaka alipopita miaka 80!! Na kabla ya hiyo skuli, dada yake Rachel alifariki 1823 akaacha watoto, Rebecca akawalea yeye, mwenyewe hakuwahi kuolewa. 1855 pia ikafunguliwa nyumba ya kulelea watoto wa Kiyahudi, nayo ni yeye aliyeipigania.