Kwa hiyo wewe ni wa mafuvu?

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, nimekubaliwa kusoma anthropolojia. Baba anauliza nitakula nini. Nimjibuje?" Nikacheka, kisha nikanyamaza. Nami nilisoma hiyo hiyo anthropolojia, taaluma ya binadamu na namna wanavyoishi, na swali hilo nililibeba chuo kizima bila jibu.

Kwenye usaili wangu wa kwanza nilikaa mbele ya watu watatu. Mmoja akapitisha macho kwenye wasifu wangu, akauliza, "Kwa hiyo wewe ni wa mafuvu?" Wenzake wakaangua kicheko. Nikaanza kueleza kwamba mifupa ni tawi moja tu, kuna utamaduni, kuna lugha, kuna akiolojia. Nilipofika kwa Malinowski, mwanaanthropolojia aliyekwenda kuishi na watu wa visiwa vya Trobriand huko Pasifiki, mwenyekiti alikuwa anatazama saa. Sikuitwa tena, na kicheko kile bado nakisikia.

Kilichonitoa ni kibarua kwenye kliniki moja ya kifua kikuu. Wagonjwa walikuwa wanakatiza dawa. Dodoso lilishapita, na wengi walijibu kwamba shida ni nauli. Mimi nikaomba kukaa tu kwenye benchi na daftari langu. Siku ya tatu mama mmoja akaitwa jina. Kabla hajasimama, akaikunja kadi yake mara mbili, akaisokomeza chini kabisa ya mkoba. Kadi zao zilikuwa na rangi ya peke yake, na benchi zima lilijua maana ya rangi ile. Nauli lilikuwa jibu la heshima tu. Kadi zikafanywa za rangi moja, wengi wakarudi, nami nikapewa mkataba.

Basi mwambie baba kazi zipo: afya ya jamii, mashirika ya misaada, makumbusho, hata kampuni za teknolojia zinazotaka kujua watu wanazitumiaje bidhaa zao. Ebola ilipoikumba Afrika Magharibi 2014 hadi 2016, wanaanthropolojia walikuwa miongoni mwa waliosaidia kutafuta namna ya kuzika kwa heshima bila watu kuambukizwa. Jim Yong Kim, aliyeongoza Benki ya Dunia kuanzia 2012 hadi 2019, ana udaktari wa falsafa wa anthropolojia. (Ni daktari wa tiba pia, lakini hilo si lazima baba alijue.)

Wewe sasa nisikilize. Jifunze takwimu. Mimi nilizikimbia, nikaja kuzisoma usiku nikiwa tayari kazini. Kwenye wasifu usiandike jina la somo ukadhani linajieleza. Andika ulikaa na nani, muda gani, ukagundua nini. Wengi wenu mnangoja tangazo linalosema "anatafutwa mwanaanthropolojia", na mtangoja sana. Likizo mnalala! Nendeni uwandani, hata kwa kujitolea. Na takwimu, jamani.

Yule bwana wa mafuvu tulikutana mwaka jana kwenye warsha, mimi ndiye mtoa mada. Alinipa mkono, akasema amefurahi kunifahamu.