Swali la lugha: Protini “huathiri” virusi, au hufanya nini?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Nafundisha baiolojia sekondari hapa Tanga, upande wa Pongwe. Klabu yetu ya sayansi inaandaa bango kuhusu homa ya dengue, na tumeamua liwe la Kiswahili ili wazazi nao walisome. Niliandika: “Protini zilizo ndani ya virusi huathiri kuzaliana kwake.” Mwenzangu wa somo la Kiswahili kaikataa sentensi yote. Anasema “kuathiri” ni kwa jambo baya tu, virusi havizaliani bali “hujinakili”, na “kwake” ni kosa kwa kuwa virusi ni vingi. Nani kakosea?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Nimefurahi kwamba bango litakuwa la Kiswahili, maana mwaka 2019 dengue ilipoenea Dar es Salaam na hapa kwetu Tanga, wengi walikuwa wanauliza hata jina lake litamkweje, na kumbe kamusi zetu zina jina la siku nyingi: kidingapopo. Liandikeni kwenye kichwa cha bango, tafadhali.

Tuanze na “kuathiri”. Kwa kamusi, mwenzako hana haki: athari ni alama ambayo kitu kimoja huacha juu ya kingine, iwe njema au mbaya. Kwa masikio ya watu, ana haki kubwa. Tunasema waathirika wa mafuriko, walioathirika na ukame. Kwa miaka mingi mtu mwenye VVU aliitwa “mwathirika”, hadi wenyewe wakalikataa jina hilo, na leo tunasema mtu anayeishi na VVU. Neno likishapita njia hiyo huwa limebeba harufu. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha kina mama na watoto, mtoa somo akasema, “Lishe bora huathiri ukuaji wa mtoto.” Mama mmoja aliyempakata mwanawe akamgeukia jirani yake, akanong’ona: “Sasa tuwape nini?” Yule mama alikisikia Kiswahili kama kinavyosemwa. Kosa lilikuwa la msemaji.

Lakini mimi nina shaka nyingine na hilo “huathiri”, nzito kuliko ya mwenzako. Halisemi kitu. Protini ipi? Inafanya nini? Mzazi akimaliza kusoma sentensi yako anabaki na nini mkononi?

Tazama kirusi cha dengue chenyewe. Kimebeba uzi mmoja wa RNA, yaani maandishi ya maagizo yake, wenye herufi kama 11,000. Kikishaingia kwenye seli, mitambo ya seli huusoma uzi huo na kutengeneza mnyororo mmoja mrefu wa protini, kisha mnyororo hukatwa ukawa protini 10. Tatu kati yake ndizo za ujenzi: moja hufungasha RNA, ya pili hukaa kwenye utando, ya tatu hujitokeza nje na ndiyo inayoishika seli na kufungua njia ya kuingilia. Saba zilizobaki ni za kazi. Iitwayo NS3, ikisaidiwa na NS2B, hukata sehemu kubwa ya ule mnyororo. NS5 hunakili RNA. Hesabu vitenzi hivyo: hufungasha, hushika, hufungua, hukata, hunakili. Kiswahili kimejaa vitenzi vya mikono, kila kimoja kinaonyesha kazi ikifanyika, nasi tunavifunika vyote kwa “huathiri” kwa sababu tu kinasikika cha kitaalamu. Nawasihi walimu wa sayansi waachane na tabia hii. Kuna mahali pamoja tu ningelikubali neno hilo kwenye bango lako: NS5 hiyohiyo huvuruga mawasiliano ya kinga ndani ya seli. Hapo sema “huathiri kinga”, na kila mzazi ataelewa kwamba pana madhara.

Sasa “zilizo ndani ya virusi”. Hili mwenzako hakuligusa, nalo ndilo kosa la kweli. Zile protini saba za kazi hazifungashwi ndani ya kirusi kinachotoka. Hutengenezwa seli ikishavamiwa, na kazi yao hufanyika humohumo ndani ya seli. Ni protini za virusi, kwa maana maagizo ya kuzitengeneza yameandikwa kwenye RNA ya kirusi, ila hazimo ndani yake. Kihusishi “za” kinabeba umiliki na asili. “Ndani ya” kinataja mahali tu. Ungekuwa unaandika juu ya VVU, “ndani ya” ingesimama, kwa kuwa VVU husafiri na vimeng’enya vyake, yaani protini zake za kazi, kikiwemo kile kinachogeuza RNA kuwa DNA. Kwa dengue, andika “protini za virusi”.

Kuzaliana au kujinakili? Mbu wa dengue huzaliana, kwenye vifuu, makopo na matairi yaliyotuama maji nyuma ya nyumba. Kuna dume, kuna jike, kuna mayai. Kirusi hakina hayo, kwa hiyo namwelewa mwenzako. Ila “kujinakili” nako kuna tatizo katika ile silabi “ji”.

Nenda duka lolote la kutoa kopi pale Ngamiani. Unaweka cheti chako juu ya kioo, unafunika, mwanga unapita, karatasi inatoka ikiwa bado ina joto. Hakuna anayesema cheti kimejinakili. Mashine ni ya mwenye duka, karatasi ni zake, umeme ni wake. Kirusi nacho huingia kwenye seli na karatasi yake moja tu. Tofauti ni kwamba mashine za seli za binadamu hazina uwezo wa kunakili RNA ndefu namna hiyo kutoka kwenye RNA, kwa hiyo karatasi yenyewe imeandikwa namna ya kuunda mashine ya kuinakili. Mashine hiyo ndiyo NS5, lakini hata yenyewe hutengenezwa kwa vifaa vya mwenye duka. Ndiyo maana napendelea kauli ya kutendwa: RNA hunakiliwa, virusi vipya huundwa. Msomaji akiona “hunakiliwa” atauliza hunakiliwa na nani, na jibu la swali hilo ndilo somo lako. “Kuongezeka” pia ni neno zuri, na kila mtu analijua.

“Kwake” umepatia. Kwa vitu visivyo watu, -ake hutumika kwa kimoja na kwa vingi: vitabu na kurasa zake. Na kirusi kimoja ni kirusi, kwa herufi ndogo, ili kisichanganywe na lugha ya Warusi. Wanaosema neno hilo limelazimishwa, kwa kuwa “virusi” limetoka Kiingereza, wakumbuke kitabu, kilichotoka Kiarabu na kuzaa vitabu, na kipilefti cha barabarani ambacho leo kina vipilefti.

Basi kwenye bango mngeweza kuandika hivi: “Kirusi cha kidingapopo kikiingia kwenye seli, seli hutengeneza protini za kirusi hicho. Moja huikata minyororo ya protini, nyingine huinakili RNA yake, nyingine huifungasha, na virusi vipya hutoka kwenda kuvamia seli nyingine.” Chini yake chora kifuu chenye maji.