Daftari lako la ndege lina uzito, ila liboreshe

Dada, umeuliza kama daftari lako la ndege unaowaona litasaidia chochote kuiokoa bustani ya mtaani kwenu hapa Nairobi, sasa wapimaji wa ardhi wamepigilia vigingi humo. Litasaidia, lakini si kama lilivyo. "Nimeona ndege wengi" haimshtui mtu. Andika tarehe, saa, mahali hasa na ndege alikuwa akifanya nini, kisha ingiza rekodi hizo eBird, hifadhidata ya mtandaoni ya ndege walioonekana, ili zisibaki kwako tu.

Wakazie macho wanaozaliana. Hondohondo, kwa mfano, hutaga ndani ya tundu la mti mkubwa. Jike hujiziba humo kwa matope, na dume humlisha kupitia upenyo mwembamba. Mwenye mradi akiahidi kupanda miche badala ya mti huo mkongwe, anakuchezea shere: mche hauna tundu!

Halafu ulizia NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, ripoti ya tathmini ya athari za mradi huo kwa mazingira, upeleke maoni yako kwa maandishi kabla ya muda uliotangazwa kuisha. Wengi hupiga kelele mitandaoni na kuusahau muda huo, jambo linaloniudhi mno. Mkifika mahakamani, kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010 hakikulazimishi kuthibitisha kwamba wewe binafsi umepata hasara.

Usiende peke yako, tafadhali. Hata Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alikuwa na wenzake walipovamiwa wakiutetea msitu wa Karura hapa Nairobi mwaka 1999. Anza na majirani wanaopita humo kila siku, na watu wa Nature Kenya, chama cha wapenda viumbe na mazingira; waalike waje kuhesabu ndege pamoja nawe.