Kabla Hujalisugua Sinia la Bibi: Fedha Tupu, Fedha ya Kuchovya na Hewa ya Bahari

Nakodisha vyombo vya shughuli hapa Mtwara mjini. Kati yake yamo mabirika, masinia na vijiko vya zamani nilivyokusanya nyumba kwa nyumba, Mikindani mpaka Lindi. Ndiyo maana watu huniletea vyombo vya marehemu bibi zao na kuuliza, "Hii ni fedha kweli?" Wengi huja wameshavisugua kwa jivu. Natamani ingekuwa kinyume: kwanza ujue ulicho nacho, kusugua kuje baadaye, tena kama kuna haja.

Geuza chombo. Chapa hukaa nyuma ya mpini wa kijiko au kwenye kitako cha birika. Sogea dirishani na kioo cha kukuzia, maana nyingine ni ndogo mno na zimelika. Ukiona simba anayetembea, mguu mmoja wa mbele ameuinua, hiyo ni fedha ya Uingereza yenye sehemu 925 za fedha katika 1,000. Pembeni yake huwa kuna alama ya mji ulikopimwa, kama nanga ya Birmingham au kichwa cha chui cha London, na herufi ya mwaka. Chombo cha namna hiyo usimwonyeshe mnunuzi wa vyuma chakavu hata kwa bahati mbaya.

Lakini vingi vinavyopatikana huku vimeandikwa EPNS. Waingereza walikuja na makabati yao, hasa enzi za mradi wa karanga wa Nachingwea kati ya 1947 na 1951, na EPNS ndiyo iliyokuwa ya kila siku mezani. Ndani yake ni shaba, nikeli na zinki. Fedha ni ile ngozi ya juu tu, iliyochovywa kwa umeme. Ufundi huo ulishika kasi baada ya kampuni ya Elkington ya Birmingham kupata hataza mwaka 1840. Mafundi wa vyombo vya kuchovya walikuwa wajanja: kila herufi waliiweka ndani ya ngao yake ndogo, ukitupa jicho haraka unadhani ni zile chapa za simba na nanga. Ukikuta EPBM, chini ni mchanganyiko wa bati na antimoni, laini na unaoyeyuka upesi. Birika la aina hiyo likiachwa kwenye jiko la mkaa, utaokota kipande.

Vya Wajerumani vina mtego wao. Tangu 1888 fedha yao tupu hupigwa mwezi mwandamo, taji na namba kama 800. Ila kijiko chenye namba 90 peke yake si fedha ya asilimia 90, hata muuzaji akiapa. Ni cha kuchovya, na namba hiyo inasema gramu 90 za fedha zilitumika kuchovya vijiko 12 na uma 12. Gawanya mwenyewe uone kijiko kimoja kimepata nini.

Kuna vyombo visivyo na chapa yoyote, na hapa ndipo watu wa pwani wanapopunjwa. Masonara wa Kutch, nchi ya asili ya wengi wa wafanyabiashara wa Kihindi wa pwani yetu, walitengeneza vyombo vya fedha safi vilivyojaa maua na majani ya kufinyangwa kwa nyundo, na vingi havikupigwa chapa. Masonara wa mwambao nao waliyeyusha sarafu, hasa zile reale zenye picha ya Maria Theresa na mwaka 1780, ambazo fedha yake ni sehemu 833 katika 1,000. Kwa hiyo kukosa chapa hakumaanishi bandia.

Kijana mmoja alinijia na vijiko ndani ya mfuko wa rambo.

"Shikamoo shangazi. Nimevipima kwa sumaku, havikushika. Fedha hii."

"Marahaba. Hata shaba sumaku haiishiki, mwanangu."

Tukavipima kwa maji. Unahitaji mizani ndogo ya sonara inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Pima kijiko kikavu, tuseme ni gramu 52. Kisha weka bilauri ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, ning'iniza kijiko kwa uzi mpaka kizame chote bila kugusa kuta wala chini. Mizani ikisoma 5.0, gawanya 52 kwa 5.0 upate 10.4, hiyo ni fedha. Ikisoma 6.0, jibu ni kama 8.7, na hapo una EPNS au ndugu zake. Hutumii tindikali wala hukwangui chombo. Kwa vitu vyenye uwazi ndani, kama mipini ya visu, kipimo hiki hakifai.

Sasa matunzo. Weusi unaoingia kwenye fedha si kutu. Ni salfa ya hewani, ya mayai, ya vitunguu, ya mpira, inayoungana na fedha. Weusi huo hauli chombo. Anayekila ni msuguaji. Kila ukisugua unaondoka na fedha kidogo, na kwenye cha kuchovya ngozi yenyewe ni nyembamba kuliko unywele. Angalia mgongo wa kijiko pale kinapokaa mezani: ukiona umanjano mkavu, ngozi imeisha. Jivu, mchanga, waya wa sufuria, dawa ya meno na dawa ya kung'arishia shaba, vyote nimevipiga marufuku kwangu. Tumia krimu ya fedha na kitambaa cha pamba, mara chache.

Ile njia ya maji ya moto, foili na bikaboneti ya soda (ya kuumulia keki, siyo magadi ya maharage) inafanya kazi kweli: salfa inahamia kwenye foili, na utasikia harufu ya yai viza. Naikubali kwa uma na vijiko visivyo na nakshi. Kwa kazi ya Kutch, hapana, tafadhali. Weusi ulio ndani ya mistari ya maua ndio unaoonyesha maua. Ukiutoa, sinia linakuwa jeupe tupu na bei inashuka nalo.

Adui wetu mkubwa hapa ni chumvi. Chumvi huchimba fedha vishimo visivyozibika. Ndiyo maana vibakuli vya chumvi vya Waingereza vingi vimepakwa dhahabu ndani. Achari ya ndimu isilale kwenye kibakuli cha fedha. Shughuli ikiisha usiku, hata kama miguu inauma, vyombo vioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, vikaushwe papo hapo. Nyumba za Shangani hapa mjini zilizo karibu na maji, hata kabati lililofungwa linapata upepo wa bahari, kwa hiyo vifunge kwa khanga kuukuu ya pamba iliyofuliwa vizuri. Gazeti sitaki, mpira wa kufungia noti ndiyo kabisa: unaacha alama nyeusi inayozunguka kijiko, na kuitoa ni kazi. Visu usiviloweke, gundi ya kwenye mpini huachia kwenye maji ya moto.

Wengi huniuliza kuhusu kuvichovya upya vilivyochunika. Cha Kihindi au cha fedha tupu hakihitaji. Cha EPNS, gharama huwa inapita thamani ya kijiko, na bado kinakoroga chai vizuri. Vyangu vya aina hiyo nimevitenga kwenye seti ya wapishi, na hakuna aliyewahi kulalamika.