Zile fimbo za stoo

Mwanangu,

Wa alaykum salaam. Umeuliza kama zile fimbo za alumini nilizokuachia, za 5356, yaani alumini iliyochanganywa na magnesiamu, bado zinafaa kuchomelea baada ya miaka tisa. Miaka si neno. Boksi lilifunguliwa lini, na limekaa wazi masika mangapi? Stoo yetu ya Mikindani unaijua: bati likitoka jasho alfajiri, kila kilicho chini yake kinalowa.

Alumini haitaki uchafu. Nimekwambia hivyo tangu uko chuo cha ufundi, VETA. Fimbo ikikaa kwenye unyevu, ule utando wake wa oksaidi unanenepa na kushika maji. Ukiiyeyusha, maji yanatoa gesi ya haidrojeni. Alumini ya moto inaimeza, ikiganda inaitema, na ile isiyowahi kutoka inabaki vitundu ndani ya mshono. Hata argoni yako, ile gesi ya kukinga mshono, iwe safi namna gani.

Unalikumbuka lile tangi jipya la boti ya mzee wa Msimbati. Fimbo zilikuwa za zamani, zimefifia kidogo tu, nikasema zitakwenda. Mshono ulitoka umejipanga kama magamba ya changu, nikamwita mama yako aje auone. Nikapaka chokaa nje, ndani nikatia mafuta ya taa, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi, chokaa ina madoa: mafuta yamepenya. Nikahesabu saba. Mzee hakusema kitu. Alipitisha kidole gumba kwenye doa moja, akakinusa. Mpaka leo nakiona kile kidole.

Labda kosa lilikuwa la bamba, sikulisugua vya kutosha. Lakini hapana, bamba nililisugua mpaka mkono ukaniuma. Fimbo ndizo sikuzifuta. Alumini haitaki uchafu, na mimi niliutia kwa mkono wangu.

Chukua moja, ifute kwa kitambaa cheupe chenye asetoni. Kikitoka cheusi, isugue, ufute tena mpaka kitoke cheupe. Iyeyushie kwenye kipande cha bamba usichokihitaji, kisha vunja mshono uutazame ndani. Nje utakudanganya, kama ulivyonidanganya mimi.

Sikuamulii, fundi sasa ni wewe, ingawa ulimi unaniwasha. Za kutengenezea kiti au fremu, sawa, pengine. Ila kama ni tangi... Haya, nanyamaza. Ukishauvunja huo mshono, nipigie kabla hujazungumza na mteja.

Baba yako