Mwanamke shujaa hapana lazima ashike bunduki

Yaya, unauliza kama kwenye romani za sayansi na za uchawi mwanamke mwenye nguvu ni lazima apigane kama mwanaume, mi naona hapana. Soma romani inaitwa Binti, ya Nnedi Okorafor, ya 2015, ni fupi. Binti mwenyewe ana miaka 16, ni Mhimba, watu wa Namibia, hesabu anazijua sana, anatoka alfajiri bila kuaga wazazi aende kusoma inivasite iko kwenye sayari ingine, njiani viumbe vinavamia chombo vinaua karibu wote, yeye anabaki na otjize yake, ule udongo mwekundu wenye mafuta anajipaka kwenye ngozi na nywele, na kumbe njo inaponyesha vidonda vya maadui! Anatetemeka kabisa lakini anaongea nao mpaka vita inaepukwa. Hapa Goma nguvu hiyo tunaijua, angalia wamama wanaovuka Petite Barrière, ule mpaka wa kuingia Rwanda, na biashara zao.

Mwandishi akimpa dada bunduki akasahau kumpa woga na familia ya kugombana nayo, mi namwacha njiani.

Kisha tafuta Parable of the Sower ya Octavia Butler (1993), humo msichana Lauren anasikia maumivu ya wengine mwilini mwake na bado anaongoza watu barabarani.